Ziwa la Kwenye Sweta

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu ziwa moja la Montana, Marekani, nikakumbuka sweta la mitumba ambalo mama alininunulia mnadani Katesh nilipokuwa mtoto. Lilinuka dawa ya nondo, na kifuani lilichorwa milima, ziwa na neno Montana.

Kesho yake nililivaa shuleni nikijivuna. Mwalimu alilitazama, akauliza, "Ng'ombe wa huko wanakunywa wapi?"

"Siyo ziwani, Mwalimu. Pale wanalamba chumvi tu."

"Eti na Wazungu wana magadi!" mwanafunzi mmoja alidakia, darasa likacheka. Nikaanza kulivua.

"Nyamazeni. Ameeleza Balangida, ziwa letu la chumvi, vizuri kabisa," alisema mwalimu. "La huko, mwanangu, linajazwa na theluji ya milimani. Ng'ombe wanakunywa."

Namshukuru hadi leo. Nililivuta sweta likakaa sawa, nikanyoosha mkono.

"Theluji ni nini, Mwalimu?"