Msingi wa Nguzo ya Tatu

Siku ya kwanza kazini niliketishwa mbele ya meza ya kuchorea, nikapewa kalamu ya wino na onyo moja: ukikosea hapa, mtu anakufa kule. Aliyenionya ni mkuu wa ofisi ya michoro, Mrundi mwenzetu aliyetoka kusoma Ulaya. Uhuru ulikuwa mpya, Wabelgiji walikuwa wakifungasha mizigo. Tulimwita Chef.

Chef ndiye aliyenifundisha semeli, yaani msingi mpana wa betoni unaokaa chini ya nguzo ya daraja. Udongo wa mtoni ni laini. Semeli inatandaza uzito ili nguzo isididimie. Lakini ikiwa nyembamba, nguzo inaitoboa.

"Kama kidole mu mukate," alisema. "Na haipigi hodi. Mutu anasikia tu, paa!"

Miaka kadhaa baadaye tulijenga daraja kaskazini mwa mji. Katikati ya kazi ikaamriwa libebe malori mazito zaidi, nami nikaambiwa ninenepeshe semeli zote tatu. Alhamisi moja, nikitafuta kipimo kingine kwenye mchoro, niliona semeli ya nguzo ya tatu imebaki na unene wa zamani. Mwandiko ulikuwa wangu. Betoni ilikwisha kumwagwa. Niliurudisha mchoro kabatini.

Jumamosi nilimpelekea Chef mchoro.

"Nani alichora?"

"Ni mi, Chef."

Akatazama saini chini ya karatasi. Ilikuwa yake.

"Na mi nilisaini bila kupima. Basi tuko wawili. Twende tuvunje."

Kapita, msimamizi wa mafundi, alitukinga njia. "Apana, Chef! Hii betoni iko nguvu sana. Muiache tu!" Jasho lilimtoka kabla nyundo haijainuliwa. Nilidhani anaionea uchungu kazi yake.

Nyundo zilipofika chini tuliona. Fera, vile vyuma vinavyolazwa ndani ya semeli isipasuke, havikufika nusu ya nilivyochora. Vingine vilikuwa vimeuzwa. Chef aliketi kwenye matope na suruali yake ya ofisini.

"Na zile mbili zingine?" alimuuliza kapita.

Kapita alitazama mto.

Tukavunja zote. Kwenye ripoti, Chef aliandika kosa la mchoro kwa jina lake peke yake. Walimhamishia ghala la saruji, na hakurudi tena kwenye meza ya kuchorea. Mimi nilibaki mpaka nikastaafu.

Siku hizi wanafunzi wa uhandisi wanakuja kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, wananisifu: mzee, ulisema ukweli. Nawauliza kama wamehesabu siku. Niliona Alhamisi, nikasema Jumamosi. Ijumaa nilichora mtaro, nikala, nikacheka na wenzangu. Jioni, wote walipoondoka, niliutoa ule mchoro kabatini na kuwasha kiberiti. Si ujasiri ulionizuia. Mama wa usafi aliingia kufagia, nami nikakizima.