Simu za Zamani Hazina Watu

Mtaalamu aliyetutengenezea programu ya simu ya chama cha kahawa, hapa Nyaishozi, hawezi kusema neno kabla hajapangusa kioo cha simu yake kwa shati. Jana, kwenye foleni ya ofisi ya chama, Bibi Dusabe alimpa simu aliyoachiwa na mwanawe, imekazwa kwa mpira. Siku ya kupima kahawa hutangazwa kwenye programu tu, nayo ilikuwa imegoma kufunguka. Mtaalamu akaishika simu kwa ncha za vidole, kama panya aliyekufa.

“Shikamoo, bibi. Hii ni Android saba. Za zamani tumeziondoa, hakuna anayezitumia.”

“Mwanangu, foleni yote hii tunazo hizo hizo.”

Akapangusa kioo.

“Basi mngelalamika. Malalamiko yanatumwa humo humo kwenye programu, na mpaka leo halijafika hata moja.”