Mwalimu Vivyo Hivyo

Wanafunzi wa chuo alikotoka mama huyu, mwalimu mwenzangu, walimbandika jina la Vivyo Hivyo, likamfuata mpaka hapa chuoni kwetu. Ndivyo anavyofundisha hesabu: anathibitisha upande mmoja, anapangusa chaki mikononi, anasema, "Upande wa pili vivyo hivyo," basi. Nani angembishia?

Kompyuta ilimbishia. Mwaka huu alianza kuiandikia hoja zake izikague hatua kwa hatua, na mashine ile haina haya. Aliandika: kuna namba mbili, tuchukulie ya kwanza ndiyo ndogo, ikiwa ndogo ni ya pili, hoja ni ile ile. Ikakataa. Ilitaka athibitishe kwamba namba zikibadilishana nafasi, masharti yote yanabaki yalivyo. Meza zetu zinatazamana, kwa hiyo siku tatu nilimsikia akiiita mbishi kama kaka yake.

Kaka huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki. Walikosana walipogawana vyombo vya marehemu mama yao, miaka minne sasa. Nikimwambia ampigie, jibu ni lile lile: "Yeye ana simu, mimi nina simu. Mimi nangoja, naye vivyo hivyo." Kisha anakula peke yake, ameelekea dirishani. Nyumbani kwake kiti cha pili kinakaliwa na vitabu.

Jana mchana aliliona kosa. Sharti moja, aliloliandika mwenyewe juu kabisa, liliihusu namba ya kwanza tu.

"Haziko sawa," akasema. "Nilizichukulia tu kuwa sawa."

Nilidhani atafurahi. Badala yake akaitazama simu yake.

"Dada, laini hii ninayo tangu lini?"

"Si ulikuja nayo mpya ulipohamia hapa? Mwaka ule wa msiba."

"Namba ya kaka naijua kwa kichwa," akasema polepole. "Yangu hii hajawahi kuwa nayo."

Akabonyeza tarakimu. Sauti ya mwanamume ikajibu, kubwa, hata mimi niliisikia.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Ni mdogo wako."

"Mama, usinitanie. Mdogo wangu nampigia kila mwezi. Hapatikani."