Kapu la Risasi

Mwaka ule mafuriko yalipopungua, Mto Tana ulituachia ziwa refu ng'ambo ya Garsen. Shemeji yangu akaniambia kambare wakubwa wamebaki humo, chini kabisa, ambako mishipi yetu haifiki. Yeye ni kaka wa mke wangu, ananizidi miaka michache, mtu asiyependa maneno mengi. Tangu nilipooa kwao tulilima mpunga pamoja na kuvua pamoja.

Tulikuwa tukirambaza: mmoja anapiga kafi, mtumbwi uende polepole, mwingine anakokota mshipi nyuma. Shida yetu ilikuwa uzito wa kuzamisha mshipi. Kule kwetu ni udongo mtupu, jiwe la maana hulioni, na ukilipata, kamba inachopoka. Tulijaribu chuma cha jembe bovu. Kikazunguka majini na kusokota mshipi mpaka tukaukata.

Siku moja akaja na kapu. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya risasi, vimeyeyushwa na kumiminwa upya: kimoja kama ndimu, kimoja kama chungwa, na viwili virefu, vyembamba mkiani kama samaki. Kila kimoja kilikuwa na tundu la kamba.

"Uzito tutaushusha kwa kamba yake," akasema. "Mshipi wa ndoana tutaushikiza hapo kwa unyuzi wa mgomba. Kambare akivuta, unyuzi unakatika, unabaki na samaki wako bila mzigo."

Nilipenda akili hiyo, sikatai. Lakini nikauliza, "Shemeji, risasi umeipata wapi?"

"Kipini. Kuna mashua imeoza ufukweni."

Hakuniangalia. Nami nilijua hajafika Kipini. Mwezi mzima tulikuwa shambani tukifukuza ndege kwenye mpunga, kila siku mimi na yeye.

Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari, wakoloni wakipigana na waasi. Mapigano yalikuwa mbali huko bara, lakini askari waliletwa hadi kwetu, na kivukoni walipekua mizigo. Watu walinong'ona kwamba ukikutwa hata na ganda tupu la risasi, unachukuliwa. Sasa mtu anayenidanganya kuhusu risasi, nimwelewe vipi?

Ziwani tulianza na ile ya ndimu. Mshipi ukalala nyuma, karibu juu ya maji, ilikuwa nyepesi. Ile ya chungwa ilizama vizuri, lakini kila shemeji alipoongeza kafi iliyumba huku na huku. Zile ndefu ndizo zilizotulia. Kamba ilikwenda chini kwa mteremko mmoja, na mkono ukahisi uzito ukigusa tope na kuliacha. Tulipata kambare watatu siku hiyo, mmoja urefu wa mkono wangu. Shemeji akacheka kwa sauti, jambo la nadra. Mimi nilicheka naye huku nikitazama vidole vyake vikifuta zile risasi kwa shuka, moja moja, na kuzirudisha kapuni. Hakuniruhusu kulibeba kapu. Nilipolishika, alilichukua.

Nikaanza kumchunguza. Akienda dukani, namfuata kwa macho. Akiongea na mgeni, nasogea. Mke wangu akaniuliza, "Una nini na kaka yangu?" Nikamwambia sina kitu.

Wiki iliyofuata tulikuwa kivukoni tena. Askari mpya, kijana wa bara, akalinyooshea kidole kapu.

"Mna nini humo?"

"Risasi," shemeji akajibu, kama mtu anayetaja ndizi.

Kwetu neno hilo ni madini, na ni kitu cha bunduki pia. Askari alisikia la bunduki tu. Bunduki yake ikashuka begani, watu wakatawanyika.

"Chini! Mikono juu!"

Shemeji akapiga magoti kwenye tope. Askari akanigeukia. "Na wewe, mko pamoja?"

"Hapana," nikasema. "Tumekutana njiani tu."

Mshipi wenye ndoana nilikuwa nimeushika mkononi.

Askari mwingine, mtu mzima mwenye lafudhi ya Lamu, akaja kuona kuna nini. Akatoa kile kipande kirefu, akakipima kiganjani, akacheka. "Hizi chubwi, bwana! Za kuvulia. Mwache huyu aende zake."

Tulipofika ng'ambo, shemeji aliosha magoti yake mtoni, akachukua muda mrefu kuliko tope lenyewe lilivyohitaji. Kisha akasema, bila hasira:

"Ni za kimia cha baba."

Nilikijua kimia kile kwa kusimuliwa. Baba mkwe alipofariki, vitu vyake viligawanywa, lakini wavu ule haukuonekana. Mke wangu aliutafuta akilia, kwa kuwa marehemu alimwahidi yeye.

"Nilikichukua mimi," shemeji akaendelea. "Panya wakakila. Zikabaki risasi za pindoni, ndizo nikayeyusha. Ningekwambia wewe, lakini wewe mkeo humfichi kitu."

Nilisema, "Nisamehe, shemeji." Akaitikia, "Yamepita," akaenda kuufungua mtumbwi.

Alimwambia dada yake mwenyewe, keshoye. Mke wangu hakugomba. Aliomba kipande kimoja, akachagua kirefu kimojawapo, akakifunga kwenye kanga. Sisi tukabaki na kirefu kimoja tu, na kilipokwama kwenye kisiki kikapotea, hatukupata tena kambare wa kina kile.

Tuliendelea kuvua pamoja miaka mingi. Ila tukikaribia kivuko alianza kuniambia, "Tangulia, mimi nitakuja." Nami nilitangulia, nikavuka peke yangu, nikamngoja ng'ambo.