Mapigo Niliyoacha Kuhesabu

Barua ya kuacha kazi ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu Musoma. Mwenye duka la dawa kule Bunda alikuwa ameniambia nafasi ipo mpaka Jumatatu. Nikaenda nyumbani Butiama, nilale kwanza, ndipo niamue.

Wodini kule Musoma tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini, na mwenzangu akiugua nabaki peke yangu. Chuoni walitufundisha kumsikiliza mgonjwa. Hawakusema ni mgonjwa wa ngapi ndiye utakayeacha kumsikia. Bomba likidondosha maji nje ya chumba nilichopanga mtaa wa Nyasho, mimi nasikia dripu ya wodini.

Asubuhi nilipofungua mlango, benchi la mama lilikuwa limejaa watu wenye kadi za kliniki.

"Mama, nimekuja kupumzika."

"Ni wachache tu, mwanangu. Utawafukuza watu wa kwenu?"

Kwa nini elimu ya mmoja iwe zahanati ya ukoo mzima? Nilijiuliza hivyo huku nikiketi.

Wa kwanza alikuwa bibi jirani, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Alisema moyo unamkimbia. Nikamshika kifundo cha mkono, nikaanza kuhesabu. Jua lilikuwa limeingia hadi miguuni petu, mihogo iliyoanikwa ikinukia, na mapigo yalikuja taratibu, kama maji ya ziwa yakigusa mawe siku isiyo na upepo. Nilifika kumi na tisa, labda ishirini. Kisha nilikuwa ndani ya maji hayo, na hakuna aliyeniita sista.

Nilipozinduka, jua lilikuwa limehamia ukutani. Watu wameondoka, kabaki baba mdogo. Kichwa changu kilikuwa begani kwa bibi, vidole vyangu bado mkononi mwake. Hakuwa ameusogeza.

Baba mdogo akacheka. "Kumbe huko chuo mlikuwaga mnasomea kulala!"

"Mwache," bibi alisema. "Bado anahesabu."

"Bibi, mkono hauumi?"

"Umekufa ganzi zamani. Haya, moyo wangu una nini?"

"Hesabu imenipotea, bibi."

Akaunyosha ule mwingine. "Basi anza upya."

Safari hii nilifika mwisho. Moyo wake ulikuwa unaenda vizuri.

Siamini kwamba usingizi wa asubuhi moja unatibu kitu. Wagonjwa walikuwa bado arobaini. Lakini mwenye duka nilimwambia ampe mwingine nafasi. Jumatatu nikampelekea mkuu wa wodi barua nyingine, ya likizo ambayo sijawahi kuchukua tangu niajiriwe.

"Na wodi nimwachie nani, sista?"

"Sijui," nilisema, nikaketi kumsubiri asaini.