Tofali Zangu za Mkaa

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia.

Nilitoka Masasi kijana, nikapita Songea, Njombe, Makambako, kote nikifyatua tofali na kuhama. Nilikuwa naelekea Tunduma nivuke Zambia. Lori likaharibika Mlowo. Mjane mmoja, muuza maharage, akanipa chumba. Nikakaa miaka!

Siku moja akaja mhandisi kufanya majaribio kwenye kiwanja changu cha kufyatulia tofali. Alileta unga mweusi wa kaboni, chembe zake ndogo mno hazionekani kwa macho. Alikoroga kidogo tu kwenye maji, kwa muda mrefu, ndipo akachanganya na saruji na mchanga. Tofali zikatoka nyeusi, ngumu ajabu. Nyundo inadunda!

Akaondoka na unga wake. Wateja wakabaki wakitaka "zile nyeusi".

Nikajiambia, kaboni si mkaa tu? Nikatwanga mkaa, nikachekecha, nikaumwaga kwenye mchanganyiko. Na saruji nikapunguza, maana mhandisi alisema kaboni inaokoa saruji. Lo, ujinga wangu!

Mama mwenye nyumba, yule mjane, akawa wa kwanza kuzijengea. Ukuta ulipofika madirishani, mwashi akafikicha kipande kwa vidole.

"Kaka, hii tofali au mkate wa juzi?"

Nikajua nimekosea, lakini nikacheka. "Ikikauka inakuwa chuma."

"Mwache fundi wangu," mama akasema. "Chumba cha mbele ni chake. Huyu hahami tena."

Kila asubuhi nilifunga begi, nikalifungua. Nikiondoka, nani atamwambia? Nikibaki, nitaanzaje? Ukuta ukazidi kupanda.

Mvua ya kwanza ikauangusha. Ulimkuta mama akianua maharage. Nyonga ikavunjika.

Hospitalini nikamsikia akiwaambia majirani, "Msimseme fundi wangu, ni mvua tu." Jamani! Heri angenitukana!

Walipotoka, nikapiga magoti nikamweleza yote.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu madirishani, mama."

"Na chai yangu ukaendelea kunywa."

Akageukia ukutani.

Siku hiyohiyo nikawaendea wengine wawili walionunua, nikawaambia wabomoe. Mmoja alinizaba kofi. Kisha nikapanda lori, sijarudi.

Fundi mwenzangu, usichokijua usimjengee mtu. Na ukishagundua umekosea, sema ukuta ukiwa bado mfupi. Mimi nilingoja mpaka ukamwangukia aliyenitetea.