Sifuri ya Mwiko Mzuri

Nilipewa sifuri kwa sababu mwiko wangu ulikuwa mzuri mno.

Usicheke. Ilikuwa 1986, darasa la saba, shule moja ya msingi kule Dandora.

Darasani tulikaa kwa kufuata namba tulizopata kwenye mtihani. Mimi, Nzilani, nilikuwa wa sitini na moja, na tulikuwa sitini na mmoja. Dawati la mwisho, peke yangu.

Ndipo 8-4-4, mfumo mpya wa elimu, ikatuletea Sanaa na Ufundi. Mwalimu Thuo akatangaza, "Somo hili limeletwa ili kila mtoto aone kuna kitu anaweza."

Nilimwamini. Nilitaka kuambiwa "vizuri" mara moja tu, basi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchonga mwiko nyumbani. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na mimi nilishika kisu kabla ya kalamu.

Siku ya kusahihisha, Mwalimu akauinua mwiko wa Wangeci, namba moja wetu.

"Tisini na tano! Mpigieni makofi."

Akaushika wangu. Akaugeuzageuza.

"Huu amechonga baba yako. Wa mwisho darasani hawezi hivi. Sifuri."

Sikulia. Niliangalia tu vumbi la chaki. Jioni nilikula ugali na sukuma bila kusikia ladha.

Kesho yake Baba akaja shuleni. Mwalimu akamwekea miko miwili mezani mbele ya darasa, wangu na wa Wangeci, alinganishe.

Baba akapitisha kidole kwenye alama za kisu, polepole.

"Mwalimu, mimi natumia mkono wa kulia. Yote miwili imechongwa na mtu wa kushoto."

Mwalimu akamwita Wangeci. "Andika jina lako hapa."

Akaandika kwa mkono wa kulia.

Wote wakanigeukia. Darasa zima, ni mimi tu niliyeandika kwa kushoto.

Ndiyo, hata wa Wangeci niliuchonga mimi. Jumamosi kabla ya hapo alikuja kwetu: "Nzilani, si unichongee na mimi? Sitaambia mtu." Akaketi karibu nami hadi nikamaliza. Hakuna mwenzangu aliyewahi kuketi nami. Ningekataaje?

Mwalimu Thuo akafunga daftari la alama.

"Alama zimeshafika kwa mwalimu mkuu. Wacha tu zikae hivyo."

Zikakaa. Nikarudi dawati langu la nyuma, sina hasira, sina lolote.

Leo nafundisha Sanaa, na bado sijui niliudhika lini. Ila nawaambia walimu wenzangu: mkiletewa somo la kumfanya mtoto ajiamini, naye akileta kazi nzuri, muulizeni kwanza, "Umeifanyaje?"

Halafu mpeni kisu, mketi, mwangalie.